Uzi: Neno "electroencephalographic" lina silabi ngapi, na linakatwa wapi mwishoni mwa mstari?

#1 Mhariri wa Usiku

Habari za jioni, wakuu. Nahariri tasnifu ya daktari mmoja kuhusu kifafa cha utotoni. Imeandikwa kwa Kiingereza, na majedwali yake yana safu nyembamba ambazo neno "electroencephalographic", yaani linalohusu upimaji wa umeme wa ubongo, haliingii bila kukatwa. Kamusi ya Merriam-Webster imelipanga neno hilo hivi: elec·tro·en·ceph·a·lo·graph·ic, yaani vipande vinane, lakini nikilitamka kwa sauti napata silabi tisa, kwa sababu ile "e" ya mwanzo inasimama peke yake. Mwandishi amekata "gra-phic". Msimamizi wake amefuta na kuandika "graph-ic" kwa wino mwekundu, na katika ukurasa mwingine ameagiza kwamba "encephalo" isiguswe kabisa kwa kuwa ni neno moja la Kigiriki lenye maana ya ubongo. Dai langu ni kwamba kamusi imekosea hesabu ya silabi, na kwamba mwandishi hana kosa. Nipingeni kwa hoja.

#2 Babu Prufu

Kamusi haijakosea, Mhariri. Umeipa kazi isiyo yake. Vile vidoto vya katikati si alama za silabi bali ni ruhusa kwa mpanga chapa, zikimwambia kwamba hapa anaweza kuvunja mstari, na wenye kamusi wenyewe wanalieleza hilo katika kurasa za utangulizi ambazo hakuna anayezisoma. Herufi moja haiachwi peke yake mwishoni mwa mstari, na ndiyo maana "e" imeshikamanishwa na "lec". Fungua neno "about" katika kamusi hiyohiyo: lina silabi mbili zisizo na ubishi, lakini hutaona kidoto hata kimoja. Silabi ni tisa, na vipande vya kukatia ni vinane. Hesabu zote mbili ni sahihi kwa sababu zinahesabu vitu viwili.

#3 Mwalimu wa Isimu

Naunga mkono #2, ila kisa hakiishii hapo. Katika kamusi hiyohiyo tazama neno fupi kama "habit". Kichwa cha neno kimegawanywa hab·it, lakini maelezo ya matamshi yanayofuata yanaanza na "ha" kisha "bət", yaani konsonanti imehamia silabi ya pili. Kwa neno letu ni vilevile: kwenye kichwa utaona "ceph·a", na kwenye matamshi utaona "se" ikifuatwa na "fə". Kitabu kimoja, mstari mmoja, migawanyo miwili.

Sababu ni kwamba wanaisimu wenyewe hawajaafikiana. Wapo wanaoshika kanuni ya kuipa silabi inayofuata konsonanti nyingi kadiri lugha inavyoruhusu neno kuanza nazo, na kwa hao mwandishi wako wa "gra-phic" yuko sawa. Wengine wanajibu kwamba irabu fupi ya Kiingereza iliyo katika "graph" haimalizi neno lolote la kawaida la lugha hiyo, basi haiwezi kumaliza silabi yenye shadda, na lazima ifungwe na konsonanti. Daniel Kahn, katika tasnifu yake ya mwaka 1976 kwenye chuo cha MIT, alipendekeza kwamba konsonanti ya namna hiyo ni mali ya silabi zote mbili kwa wakati mmoja. John Wells, aliyetoa kamusi ya matamshi mwaka 1990, anashikilia kwamba konsonanti huvutwa na silabi yenye shadda zaidi, na kwa kuwa shadda kuu ya neno letu iko juu ya "graph", yeye angesimama na msimamizi.

#4 Binti wa Pwani

Mwalimu, umeenda hadi MIT kutafuta sababu iliyo nyumbani. Mwandishi ni Mswahili. Tangu darasa la kwanza amefundishwa ki-ta-bu, ma-mbo, nyu-mba, silabi inaishia na irabu na konsonanti zote zinasukumwa mbele. Mtu aliyelelewa hivyo akikutana na "graphic" mkono wake unakata kabla ya "ph" bila kuuliza mtu. Mshukuruni kwamba alikumbuka kuiacha "c" ya mwisho, maana angejisahau kidogo tu tungesoma "gra-phi-ki".

#5 Msoma Magazeti ya Kale

Dada #4, hiyo ingekuwa sababu kama ugomvi huu ungeanza kwetu, lakini Waingereza na Wamarekani waligombana kuhusu jambo hilohilo katika karne ya 18. Kitabu cha kufundishia kusoma cha Thomas Dilworth, kilichotoka mwaka 1740 na kuenea sana katika makoloni ya Marekani, kiligawanya maneno kwa mtindo wa "ha-bit" na "clu-ster", sawasawa na mwandishi wa tasnifu. Noah Webster alipotoa kitabu chake mwaka 1783 alimshambulia Dilworth waziwazi juu ya mgawanyo huo. Hoja yake ilikuwa ya darasani: mtoto akiona "ha" peke yake atairefusha irabu, na akifika kwenye "bit" neno limekwisha kuharibika mdomoni. Kwa hiyo akaandika "hab-it" na "clus-ter", na kamusi zilizorithi jina lake zimebaki na mtindo huo hadi leo. Wino mwekundu wa msimamizi umetoka katika kitabu cha watoto cha 1783, awe anajua au hajui.

#6 Babu Prufu

Nakubali nusu, #5. Hilo linaeleza kamusi za Kimarekani tu. Wapiga chapa wa Uingereza walizoea kutazama asili ya neno kwanza na matamshi baadaye. Mfano unaojulikana ni "knowledge": Mmarekani hukata "knowl-edge" na Mwingereza "know-ledge", maana anaiona "know" ndani yake. Tasnifu hii inawasilishwa wapi, Mhariri? Chuo kinachofuata mtindo wa Uingereza hakiwezi kuhukumiwa kwa kitabu cha Webster.

#7 Dokta wa Neva

Asanteni kwa uzi mzuri. Naona mnapima viungo vya neno bila kuuliza lilizaliwa vipi. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Jina alilolitoa ni Elektrenkephalogramm. Lisomeni polepole: hakuna "o" baada ya "elektr". Berger alifuata desturi ya Kigiriki ya kudondosha irabu ya kiungo pale sehemu inayofuata inapoanza na irabu. Kiingereza nacho kilikuwa na "electrencephalogram" kabla ya umbo refu lenye "o" kushinda. Silabi mnayoiandika "tro" isingekuwapo kama neno lingebaki kama muasisi wake alivyoliunda, na hesabu yenu ingekuwa silabi nane: e-lec-tren-ceph-a-lo-graph-ic.

Kuna la ziada. Kabla ya Berger, Vladimir Pravdich-Neminsky wa Kyiv alikwisha kuchapisha mwaka 1913 picha za umeme wa ubongo wa mbwa, na jina alilolitumia baadaye lilikuwa Elektrocerebrogramm. Berger alilikataa jina hilo kwa sababu za lugha: lilichanganya Kigiriki na Kilatini, na kwake huo ulikuwa ushenzi wa lugha. Angekuwa mvumilivu kidogo, leo Mhariri angekuwa anakata "electrocerebrographic", ambalo halina hata njia panda ya irabu mbili katikati.

#8 Fundi wa Mawimbi

Mimi ndiye ninayewapaka wagonjwa ile gundi kichwani, kwa hiyo neno hili nakutana nalo kila siku kwenye fomu. Kazini hakuna anayelitamka. Ni "ii-ii-ji", yaani EEG, kwa wafanyakazi, na kwa mgonjwa ni kipimo cha mawimbi ya ubongo. Unapima kwa utepe kutoka bondeni mwa pua hadi kwenye kinundu cha kisogo, unatia alama kwa kalamu ya rangi kila baada ya asilimia kumi au ishirini ya urefu huo, kisha unabandika waya moja moja: namba witiri upande wa kushoto, namba shufwa upande wa kulia, kwa utaratibu ulioandikwa na Herbert Jasper mwaka 1958.

Kuhusu kukata: hospitali moja niliyowahi kufanya kazi ilichapisha fomu zenye kisanduku chembamba, na neno likavunjika "electroen-" juu na "cephalographic" chini. Muuguzi mgeni akanifuata na fomu akiuliza dawa ya Electroen inapatikana duka gani, maana mama wa mtoto alikuwa anasubiri. Tangu siku hiyo sina imani na mkato wowote unaoipachika "en" kwenye "electro".

#9 Mhariri wa Usiku

Fundi, umenichekesha peke yangu usiku huu. Kwa hiyo nyote mnakubali kwamba tukate kati ya "electro" na "encephalo"?

#10 Mwalimu wa Isimu

Hapo ni salama, na msimamizi hatapinga. Ila agizo lake kwamba "encephalo" ni neno moja lisiloguswa halina msingi wa asili. Kigiriki "enkephalos" kina mshono wake wazi: "en" ni ndani na "kephalē" ni kichwa. Mwanzoni kilikuwa kivumishi, kilicho ndani ya kichwa, kikielezea uboho, kabla ya kusimama chenyewe kama jina la ubongo. Kwa hiyo anayekata "en-ceph" anapita kwenye mshono wa kweli, ilhali anayekata "ceph-a" au "a-lo" anachana katikati ya mzizi.

Kwa "graph-ic" asili inampa msimamizi haki, maana "-ikos" ni kiambishi kilichounganishwa na mzizi wa "graphein", kuandika. Lakini waandishi wa Kigiriki wenyewe, walipofika mwisho wa mstari kwenye mafunjo, walipeleka konsonanti moja kwa irabu inayofuata: "gra-phi-kos". Wenye neno walikuwa wanakata kama Binti wa Pwani.

#11 Binti wa Pwani

Sijasema kitu. Nimekaa tu natabasamu.

#12 Mkaazi wa Muscat

Wakuu, hamjaigusa "electro" yenyewe. Kigiriki "ēlektron" ni kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambao ukisuguliwa na kitambaa huvuta vipande vya majani makavu. William Gilbert, tabibu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, katika kitabu chake cha Kilatini cha mwaka 1600 aliviita "electrica" vitu vyote vyenye tabia hiyo, na mwaka 1646 tabibu mwingine, Thomas Browne, akaandika "electricity".

Sasa sikilizeni la kwetu. Kaharabu tumelichukua kutoka Kiarabu, na Waarabu walilichukua kutoka Kiajemi, ambako "kāh" ni bua na "rubā" ni mnyakuzi: mnyakua mabua. Waarabu walipohitaji jina la umeme walipita njia ileile ya Gilbert, na hapa Muscat bili ya umeme ni bili ya "kahrabā". Mimi nasoma bili hiyo kila mwezi huku tasbihi ya kaharabu ya marehemu babu yangu ikiwa mezani, na jina ni moja. Kiswahili chenyewe kilitazama juu kikachukua umeme wa radi.

#13 Msoma Magazeti ya Kale

Nyongeza ndogo kwa #12. "Ēlektron" halikuwa jina la kaharabu tu. Wagiriki waliliita hivyo pia lile dhahabu jeupe lililochanganyika na fedha, ambalo sarafu za ufalme wa kale wa Lydia zilifuliwa kwalo. Wengi hulihusisha na "ēlektōr", sifa ya jua linalong'aa katika tenzi za Homer. Kwa maelezo hayo, maana ya msingi ingekuwa mng'aro, na kuvuta mabua kungekuwa jambo la baadaye kabisa.

#14 Mkaazi wa Muscat

Mng'aro au mvuto, bado ni jiwe lilelile. Sarafu iliitwa hivyo kwa kufanana rangi na kaharabu.

#15 Msoma Magazeti ya Kale

Au kaharabu iliitwa hivyo kwa kufanana rangi na sarafu. Hoja yako inageuzika kama shati.

#16 Dokta wa Neva

Tukirudi kwenye silabi, hakuna aliyetaja matamshi ya "c". Walimu wengi wa Uingereza husema "enkefalo" kwa sauti ya K, kwa kufuata Kigiriki, na Wamarekani husema "ensefalo". Sisi tuliofundishwa na watu wa pande zote mbili tunabadilisha kulingana na mkuu wa idara aliyepo. Jambo hili linagusa mgawanyo, kwa sababu mbele ya K ile "n" huelekea kuwa sauti ya "ng'" yetu, nayo hung'ang'ania silabi ya kwanza. Wagiriki hata hawakuiandika kwa herufi ya N. Waliandika gama mbele ya kapa. Kwa msemaji wa "enkefalo" mkato "en-ceph" unasikika kabisa. Kwa msemaji wa "ensefalo" unasikika hafifu.

#17 Kijana wa Geti

Shikamooni wazee. Mbona mnasumbuka na neno dogo? Refu kuliko yote ni "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", ugonjwa wa mapafu. Likateni hilo.

#18 Babu Prufu

Marahaba, kijana. Hilo ni nomino, na uzi huu ni wa kivumishi. Tena lilibuniwa miaka ya 1930 na Everett Smith, mwenyekiti wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, kwa nia hasa ya kuwa refu. Neno lililoundwa ili liwe refu halina madai yoyote kwa mpanga chapa. Ukitaka kivumishi cha kweli kinachotumika hospitalini, chukua "otorhinolaryngological", sikio, pua na koo: o-to-rhi-no-lar-yn-go-log-i-cal, silabi kumi. Ukimaliza, tueleze ile "g" ya "laryng" iende na "yn" au na "go".

#19 Mtunza Seva

Wakuu, siku hizi mkato hauamuliwi na kamusi wala mwalimu. Unaamuliwa na programu. Nyingi zimejengwa juu ya kazi ya Franklin Liang, aliyeandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983 kwa ajili ya TeX, programu ya kupanga matini ya Donald Knuth. Liang hakuipa mashine orodha ya maneno yote. Aliipa vipande 4,447 vya herufi vyenye tarakimu katikati: tarakimu witiri inaruhusu mkato, tarakimu shufwa inaukataza, na kubwa ikikutana na ndogo, kubwa inashinda. Vipande hivyo viliweza kupata asilimia 89 ya mikato ya kamusi ndogo ya Webster aliyoitumia. Mashine haijui Kigiriki wala haisikii shadda. Inajua tu kwamba herufi fulani zikikaa pamoja, kwa kawaida hukatwa hapa.

Mhariri, angalia lugha ya faili lako. Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani vina mafaili tofauti ya vipande, na "knowledge" ya Babu itakatika tofauti ukibadilisha mpangilio mmoja. Vibaya zaidi ni pale muhtasari wa Kiswahili unapoachwa chini ya mpangilio wa Kiingereza; nimeona "mam-bo" na "nyum-ba" katika ripoti zilizofungwa vizuri na kutiwa majalada ya dhahabu.

#20 Mhariri wa Usiku

Nimeangalia. Sura tatu za mwanzo ziko kwa Kiingereza cha Marekani, zilizobaki kwa cha Uingereza. Mwandishi anasema hakugusa kitu.

#21 Babu Prufu

Basi ugomvi wa msimamizi na mwandishi ulikuwa wa mashine mbili.

Ila Dokta #7 na Mwalimu #10, kuna jambo hamjalimaliza. Hiyo "o" ya "electro" ni ya nani? Mkisema ni ya sehemu ya kwanza, mnanikatia "electro-" na mkato ni mzuri. Mkisema ni kiungo tu, kama Berger alivyoiona, basi kwa asili haiegemei upande wowote. Tazameni "electrode", neno alilolitangaza mwanasayansi Michael Faraday mwaka 1834: humo "o" si kiungo hata kidogo, ni mwanzo wa "hodos", njia. Kwa asili lingekatwa "electr-ode", lakini kila kamusi inakata "elec-trode", na "o" ya njia inaonekana kana kwamba ni "o" ileile ya "electro". Anayetaka asili itawale mkato aanze na hilo.

#22 Mwalimu wa Isimu

Babu, kwa Kiingereza cha leo "electro-" ni umbo lililokwisha kuganda, na msemaji hulipachika zima bila kujali irabu inayofuata. Ndiyo maana "gastroenteritis" imebaki na "o" yake, ingawa "gastrectomy" ya zamani imeidondosha.

#23 Dokta wa Neva

"Gastrectomy" si ya zamani kiasi hicho, Mwalimu. Ni ya karne ya 19 kama nyingine nyingi. Madaktari wa wakati huo walikuwa wamesoma Kigiriki shuleni. Waliowafuata hawakukisoma.

#24 Binti wa Pwani

Nina swali la kwetu, maana tunawahukumu Waingereza wakati nyumba yetu haijafagiliwa. "Daktari" mnaikata wapi? Nimeona "dak-ta-ri", nimeona "da-kta-ri", na mwalimu wangu wa sekondari alitufundisha "da-k-ta-ri", silabi nne, ile "k" ikisimama peke yake kama "m" ya "m-tu". Vivyo hivyo "labda" na "maktaba". Tukiandika "elektroensefalografia" kwa Kiswahili, "k" hiyo itatusubiri mlangoni.

#25 Msoma Magazeti ya Kale

"Dak-tari". Maneno ya Kiarabu na Kiingereza yaliyoingia kwetu yalikuja na silabi zao zilizofungwa.

#26 Fundi wa Mawimbi

Wagonjwa wangu wengi wanasema "dakitari". Hawana tatizo la mkato.

#27 Mwalimu wa Isimu

"K" haiwezi kuwa silabi kwa Kiswahili. Nazali ndizo zinazoweza. Kwa hiyo silabi nne za mwalimu wako nazikataa, lakini kati ya "dak-ta" na "da-kta" sina ushahidi wa kumfukuza mtu, kwa sababu hakuna neno letu la asili linaloanza na "kt".

#28 Mhariri wa Usiku

Shukrani kwa wote. Nimeweka faili zima kwenye Kiingereza cha Uingereza na kukata "electro-encephalographic" mahali pote palipobana. Sasa katika sura ya nne nimekuta "electroencephalographically". Kamusi inaandika mwisho wake "i·cal·ly", na mimi nikiitamka nasikia "ikli" tu. Ni silabi kumi au kumi na moja?

#29 Mwalimu wa Isimu

Kumi kwa matamshi ya kawaida.

#30 Babu Prufu

Kumi na moja. Na usikate kabla ya "ly" kama nafasi inatosha, herufi mbili ni chache mno kuanzia mstari.

#31 Kijana wa Geti

Babu, hiyo "g" ya "laryng" bado naitafuta.